Nguo za Kitambaa cha Pazia

Nilipokuwa mdogo nilikosea: niliamini zawadi ya bei rahisi inajulikana kwa mbali. Juzi, dukani Mapinga, niliona kitambaa cha pazia chenye maua ya njano, nikasikia tena harufu ya pasi ya mkaa ya mama.

Krismasi moja ya utoto wangu, ili fedha itoshe, mama alinunua jora moja la kitambaa kama hicho, akatushonea sote nguo. Tukirudi kutoka kanisani nilijificha nyuma ya dada, nikingoja mtu aseme tumevaa madirisha.

Jirani yetu, Bi Zuhura, akatusimamisha. “Jamani, kumbe nyumba hii ina kwaya! Haya, imbeni nisikie!”

Mama alicheka hadi machozi. Tukaimba palepale njiani, mimi kwa sauti kubwa kuliko wote.

Siku hizi kila Krismasi nanunua jora moja kwa familia nzima, na bei siifichi.