Zipu ya mgeni rasmi

Kwenye kikao cha wazazi Dongobesh tulikuwepo akina mama, wazee wa kamati, walimu, na mgeni rasmi ambaye zipu ya suruali yake ilikuwa wazi. Sisi watu wenye heshima tulimpa shikamoo mmoja mmoja, huku macho yetu yakitazama dari. Kumwambia mkubwa jambo kama hilo ni utovu wa adabu. Kumwacha asimame kuhutubia ukumbi mzima hivyohivyo, hiyo ndiyo adabu.

Alipoitwa mbele, mama mmoja alimfuata akiwa amembeba mwanawe aliyefunikwa shali.

"Shikamoo baba. Nishikie mjukuu wako." Kisha akamnong'oneza, "Zipu. Shali ya mtoto itakuficha."

Mgeni akampokea mtoto, akaifunga zipu humohumo chini ya shali. Mtoto alikataa kurudi kwa mama yake, akalala begani kwa mgeni hotuba nzima.