Kanuni ya Majengo Chakavu

Kazi yangu Doha ni kujenga miji ndani ya kompyuta. Sichori jumba moja moja. Naandika kanuni: kiwanja kikiwa na upana huu na barabara upana ule, jengo liwe na ghorofa kadhaa na miti mbele yake. Nikibonyeza, mtaa mzima unaota kwenye skrini, kisha wapangaji wa mji wanautazama na kuamua.

Wakati huo nilikuwa naishi mtaa wa Al Mansoura, chumba kimoja na Mkenya wa Mombasa, mlinzi kwenye jumba la maduka. Figo zake zilikuwa zimechoka. Alikuwa akienda hospitali mara kwa mara kusafishwa damu, na alikipenda chumba kile kwa sababu kilikuwa karibu na kituo cha metro, treni iliyompeleka huko. Akirudi hana nguvu hata ya kuvua viatu, nilimvua mimi, nikampikia uji.

Ofisini tukaletewa kazi ya kuupanga upya mtaa huohuo wa Al Mansoura. Meneja akataka kanuni ya majengo chakavu: la zamani na fupi liondoke, lije refu. Nilipoiendesha, jengo letu likatoweka pamoja na safu yote.

"Hapa wanaishi watu," nikamwambia meneja. "Mmoja anaumwa."

"Kanuni haijui nani anaumwa," akajibu, bila ubaya. "Na uamuzi si wetu."

Nyumbani nikamwonyesha mwenzangu ile picha. Akalitafuta dirisha letu.

"Sisi tuko wapi hapa?"

"Hatupo."

Akavitazama vijitu vinavyotembea kando ya barabara, ambavyo programu huvitawanya yenyewe. "Na hawa?"

"Mapambo tu."

Akacheka kidogo, akageukia ukutani.

Miezi ikapita, notisi ikabandikwa mlangoni: jengo linavunjwa. Kama ni kwa ajili ya kazi yetu au nyufa za ngazini, sikupata kujua. Kila niliyemuuliza alinielekeza kwa mwingine. Mimi nilipata kitanda mtaa mwingine, Al Thumama. Yeye, kila wenye vyumba waliposikia ni mgonjwa, walimwambia chumba kimeshachukuliwa. Kampuni yake ikamrudisha kwenye kambi ya wafanyakazi, nje kabisa ya mji, ambako basi liliwapeleka kazini tu.

"Hospitali utafikaje?"

"Tutaona, Mbongo."

Akaanza kukosa siku zake za kusafishwa. Miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, na kampuni ikamkatia tiketi ya kurudi kwao. Uwanja wa ndege nilimsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Alijifunika koti juu ya magoti, ingawa nje kulikuwa kunachoma.

"Usiniangalie hivyo," akasema. "Naenda kwa mama."

Dada yake alinipigia nikiwa kazini. Walikuwa wamemzika Kisauni, kwao Mombasa, asubuhi ile. Nilikwenda kukaa kwenye ngazi za dharura mpaka meneja akanifuata, akauliza kama naumwa. Nikamweleza. Akasema pole, akakaa kando yangu.