Kisanduku cha Mama Yeshimebet

Mama Yeshimebet alipangisha vyumba kwa wasichana wa chuo hapa Dessie, nami nilikuwa mpangaji wake nikisomea uuguzi. Hakuruhusu mwanamume avuke lango lake, hata awe kaka wa mtu.

Fundi aliyetufungia waifai, mwanamume pekee aliyewahi kuruhusiwa kuingia kwa ajili ya kazi hiyo, aliitwa Ashagre. Alikitundika kisanduku cha kurushia mtandao juu ya kabati la vikombe, akatupa nenosiri la kuingilia mtandaoni. Lile la kufungulia mipangilio ya kisanduku chenyewe alibaki nalo, tena akaacha wazi njia ya kukiingia akiwa dukani kwake. Sisi hatukujua. Tulifurahia intaneti tu.

Siku moja mwenzangu Toyiba alipita dukani hapo kununua vocha. Ashagre alikuwa amekaa na rafiki zake.

"Vipi dada, wale wa kliniki ya uzazi wamekujibu?" akamuuliza kwa sauti. "Naona wiki nzima unawasoma wao tu."

Wanaume wakacheka. Toyiba alikuwa anaandika kazi ya darasani, ndiyo maana alisoma tovuti ile. Alirudi, akafunga begi, akaenda kwao Kombolcha kabla uvumi haujamtangulia.

Nilimweleza Mama Yeshimebet kwamba mwenye ufunguo wa mipangilio huona jina la kila simu na kila tovuti iliyofunguliwa. Aliweka chini ungo wa kahawa.

"Kumbe muda wote huu kijana huyu anawachungulia wanangu ndani ya nyumba yangu?"

"Ndiyo, mama."

Akajitanda shuka yake, tukaenda dukani kwa Ashagre.

"Nipe nenosiri la chombo changu," alimwambia.

"Mama, hayo niachie mimi. Utabonyeza vibaya, wasichana waje wakulilie. Wewe chemsha kahawa."

"Nimekuomba kitu changu."

"Na mimi nimekwambia hutakiweza."

Hatukubishana zaidi. Nyumbani nilichomeka pini kwenye kitundu cha nyuma ya kisanduku, nikabonyeza mpaka taa zikazimika, mipangilio yake yote ikafutika. Kampuni ya simu ikatupa namba za kuunganisha upya. Mama akatunga mwenyewe nenosiri la mipangilio. Tukachagua ulinzi mpya kuliko wote, unaofumba maneno yanapopita hewani. Ashagre alikuwa ametuwekea wa zamani usiofaa kitu. Mwisho tukaifunga ile njia ya kuingilia kutoka nje.

Asubuhi Ashagre alikuwa langoni.

"Nani kagusa ule mtambo? Mbona siwezi kuingia tena?"

"Rudia, mwanangu, majirani wasikie," Mama alisema. "Ulikuwa unaingia wapi?"

"Naangalia tu kama unafanya kazi."

"Na kliniki uliiangalia kwa kazi gani? Wewe ungependa dada yako atangazwe barabarani namna ile?"

Akaondoka akinung'unika kwamba wanawake hawana shukrani.

Mama alisafiri hadi Kombolcha kumweleza baba yake Toyiba ukweli wote. Mzee aliamini, lakini akasema binti yake atasoma karibu na nyumbani. Ashagre hakuulizwa na yeyote. Duka lake liko wazi, na watu bado wanamkabidhi visanduku vyao. Mwalimu wetu mmoja aliniambia nisikuze jambo, ule ulikuwa utani wa vijana. Toyiba ndiye aliyekuwa akiongoza darasa letu.