Nukta ambayo hakuna aliyeichora: changeover ya Kinoo na file iliyorudi Upper Hill

Wakuu, sasa. Poleni na kazi.

Hii si stori ya kuambiwa. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye kompyuta, na panel yenyewe iko Kinoo hadi leo. Naandika kwa sababu kuna mtu nataka kumshukuru mbele za watu, ingawa yeye hapendi kusifiwa.

Mimi huchora panel za umeme kwenye workshop moja karibu na Kirinyaga Road. Mdosi wetu, Mzee Harjit, alipata kazi ya changeover ya zahanati moja ya kina mama huko Kinoo.

Kwa wasiojua, changeover ni ile panel inayohamisha jengo kwenda kwa jenereta stima ikipotea. Ndani kuna swichi mbili kubwa, moja ya stima na moja ya jenereta, na sheria ni moja tu: zisiwahi kuingia pamoja. Zikiingia pamoja, jenereta inasukuma umeme hadi kwenye nyaya za barabarani, na huko juu ya nguzo kuna fundi anayeamini nyaya zimekufa. Kinachozuia hilo tunakiita interlock.

Mchoro ulitoka kwa consultants wa Upper Hill. Wao wana software ya bei, sisi tuna yetu ya kujikaza. File yao haifunguki kwetu, kwa hivyo wakaitoa kama DXF, ile format ambayo kila software hudai inaielewa. Wakuu, kudai na kuelewa ni vitu viwili.

Ikafunguka vizuri hadi nikatabasamu. Mistari yote ipo, maandishi yapo. Nikaiambia software yetu itambue mistari ipi ni nyaya, nikawatumia PDF wasaini tuanze kufunga.

Madam Mwikali, mchoraji wa kule Upper Hill, akakataa kusaini. Hakutaka PDF. Alitaka nimrudishie file yenyewe, aifungue kwenye software yake na kuilinganisha na ile ya kwanza.

Nilikasirika, sitaficha. Mwenye zahanati alikuwa anampigia Mzee simu kila asubuhi, sanduku la panel limeshapakwa rangi, halafu huyu anataka mchoro urudi kwao kama mgonjwa wa kliniki. Tangu nianze kazi hii hakuna aliyewahi kuniomba hivyo. Mchoro huenda, haurudi.

Nikamlalamikia Mzee Harjit. Akapuliza chai yake, akaniuliza kutuma file kunaniuma wapi. Nikatuma. Email yangu haikuwa hata na salamu.

Simu ya Mwikali ilikuja kabla ya lunch.

"Injinia, fungua ile sheet ya control. Hapo kwa coil inayovuta swichi ya jenereta, hiyo nukta ni wewe umeiweka?"

Nikaangalia. Nyaya mbili zinapishana, na pale pale kuna nukta nyeusi. Kwenye mchoro wa umeme, nukta maana yake nyaya zimeshikana. Bila nukta zinapita tu, kila moja na safari yake.

"Hapana, madam. Nilidhani ni yenu."

"Hata sisi si yetu."

Nikafungua tena ile DXF yao, tukaanza kutafuta ilikotoka.

Kumbe software yao, ikitoa DXF, ilikata baadhi ya mistari pale inapopishana na mingine. Software yetu ikaona ncha nne zimekutana, ikaamua hapo ni joint, ikaweka nukta bila kumuuliza mtu. Na nukta hiyo ilikuwa imeruka interlock. Swichi ya jenereta ingeingia hata kama ya stima bado iko ndani.

Mtaniambia testing ingeshika. Labda. Lakini sisi hutest kwa kufuata mchoro uliosainiwa, na mchoro ungesema kila kitu kiko sawa.

Tukapitia kila makutano kwa simu, yeye akisoma "inapita" au "imeshikana", mimi nikihakikisha kwangu. Hakunicheka hata mara moja. Angeweza kumwandikia bosi wake kwamba workshop ya tao imeharibu mchoro. Aliandika kwamba tumelipata kosa pamoja. Nyinyi mnawajua wangapi wangefanya hivyo?

Panel ilipokwisha kufungwa nikamwomba tukutane Adams Arcade, ambapo hushukia akienda nyumbani. Nikamnunulia chai na mandazi, nikamwomba msamaha kwa ile email. Nikamuuliza kwa nini yeye huomba file irudi na wengine hawaombi.

Alikoroga chai ambayo haikuwa na haja ya kukorogwa.

"Brother yangu hupanda nguzo," akasema. "Kila nikisaini changeover, naonanga miguu yake."

Nikamsogezea sahani ya mandazi.

Juzi nilikuwa Kinoo kufanya service ya ile panel. Mvua ikanyesha na upepo wake, tawi likaangukia nyaya, stima ikaenda. Jenereta ikawaka, na huko ndani mtoto akaendelea kulia kama kawaida. Baadaye gari la mafundi likafika na mmoja wao akapanda nguzo ya ng'ambo ya barabara.

Najua wao hupima nyaya kwanza kama zina umeme. Hata hivyo nilisimama getini nikiangalia miguu yake, jenereta ikinguruma nyuma yangu, hadi viatu vilipogusa chini.

Nikavuka nikampa soda. Akauliza kama tunajuana. Nikamwambia hapana, kunywa tu.

Kisha nikampigia Mwikali, nikamwambia kuna mtu amepanda na ameshuka salama. Hakuuliza ni nani. Alisema asante Mungu, na sauti yake ikabadilika kidogo.

Nilichojifunza ni hiki: mchoro ukihama software, usiuamini kwa macho. Urudishe ulikotoka, mwenyewe aukague. Siku hizi natuma file bila kuombwa, na naanza na salamu.

Mwenye njia bora ya kuhamisha hizi drawings aimwage hapa chini, tusaidiane. Na kama humu kuna mtu anayepanda nguzo, ajitokeze pia. Soda yake iko.