Albamu ya Kumpa Mgeni

Kwetu mgeni haachwi akodolee macho ukuta. Mwenyeji akiingia jikoni, humpa albamu ya picha, ajue amefika kwa watu gani. Jumamosi moja hapa Uswidi, mtaa wa Vårby gård, mama mmoja Mrundi alinikabidhi ya kwake, akarudi kwenye maharagwe.

Nikafungua. Wazungu tu, tena wa zamani: mwoka mikate mlangoni pa duka lake, kanisa la mawe, watoto pekupeku darajani. Chini ya kila picha limeandikwa jina la mji mmoja wa Uskoti.

"Mama, hawa ni nani?"

"Niliwanunua Skärholmen, kwenye soko la mitumba," akajibu kutoka jikoni.

Binti yake akacheka, akasema kwa Kiswidi kwamba hata mmoja si ndugu yao.

"Picha zetu zilibaki tulipokimbia," mama akasema. "Sasa mgeni ashike nini?"

Nikaendelea kufunua. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na picha mpya, ya rangi. Duka lilelile la mikate, ila sasa linauza simu. Mlangoni amesimama mama mwenyewe, koti zito, mkono kiunoni.

"Kumbe ulikwenda?"

"Mwaka jana. Nawaonyesha watu kila siku, halafu nisiende hata kuwasalimu?"

Mimi nina jirani wa mlango wa pili ambaye sijui hata sauti yake. Nikafunga albamu polepole, nikajikuta nauliza kama huko Uskoti hawajambo.

"Hawajambo," akasema, akiweka sahani mezani. "Wanakusalimu."