Mtani kwenye Mkeka wa Marehemu

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka nacheka mpaka nashika mbavu, kisha machozi yananitoka. Vuta hicho kigoda ukae. Baba yako yupo hapo barazani na redio yake, atajifanya hasikii. Anasikia vizuri sana.

Wakati ule nilikuwa mke mpya kule Mahurunga, hata sufuria za harusi hazijashika masizi. Baba yako alikuwa ametoka Lindi kusoma dini, na alirudi nayo yote. Kijana msafi, kanzu imenyooka, swala haimpiti. Nilimpenda, nisikufiche. Lakini ulimi wake, Mungu wangu! Ukimpa salamu, anakurudishia pamoja na masahihisho. Nikinywa maji nimesimama, “Kaa.” Nikikaa, “Mkono wa kulia.” Siku moja nilikuwa natwanga muhogo, jasho linanitiririka, nikachota kata ya maji, mara nasikia nyuma yangu, “Somoe, kaa.” Nikamjibu, “Na kutwanga nako nitwange nimekaa?” Jioni yake alikula ugali wenye madonge, na sikumwomba radhi.

Kijiji kizima kilimchoka. Fundi baiskeli alikatazwa kupiga mluzi, wazee wa bao waliambiwa wanapoteza umri, na umri wenyewe ulikuwa umebaki kidogo tu. Watu wakiiona kanzu nyeupe inatokea kwenye mikorosho, ghafla kila mmoja anakumbuka kaacha chungu jikoni. Na kumbe huyo huyo, alfajiri akiwa peke yake juu ya msala, alikuwa analia akiwaombea watu hao. Nilimsikia kwa masikio yangu, anawataja mmoja mmoja, hata fundi baiskeli. Kwa Mungu alikuwa na maneno laini sana. Akishainuka kuwafuata watu, yale laini anayaacha pale pale kwenye msala.

Basi akafariki Mzee Ausi, mume wa Shangazi Esha. Huyu shangazi ndiye aliyemlea baba yako tangu mama yake mzazi alipokufa, kwa hiyo kwake ndiye mama hasa. Yeye na Mzee Ausi hawakujaliwa mtoto mwingine. Walilima mpunga wao na korosho zao, wakazeeka pamoja. Tukamzika mzee, na shangazi akakaa eda katika chumba chenye mlango wa kutokea uani.

Tangu tuliporudi makaburini, hakutia chakula mdomoni. Maji anakunywa. Ukimpelekea ugali anaupokea, anauweka mbele yake, anautazama, anasema, “Bado.” Ukirudi baadaye ugali umekauka na yeye bado anautazama. Hakuna aliyemuuliza bado nini. Alikuwa mwembamba tangu zamani, sasa mikono ikaanza kumtetemeka, na wanawake jikoni wakaanza kunong'ona kwamba huyu anamfuata mumewe.

Baba yako akachanganyikiwa. Angempoteza na huyu, angebaki na nani? Akafanya kile anachokijua. Akasimama mlangoni akamhubiria. Akasema subira ni nusu ya imani. Akasema roho ni amana, kuiua kwa njaa ni dhambi, na huzuni ikizidi mtu anakuwa anashindana na Mola wake. Asubuhi anahubiri, mchana anahubiri, jioni anarudi na nyongeza. Shangazi anamsikiliza mpaka mwisho, anaitikia “Amina,” kisha anajifunika kanga uso mzima. Sahani inarudi jikoni haijaguswa. Mimi ndiye niliyekuwa napika, naiona inarudi, roho inaniuma kweli.

Sasa watani unawajua, mwanangu. Sisi Wamakonde tukifiwa, Wayao wanakuja na fujo zao. Wanaficha jembe la kuchimbia kaburi, wanausema ubahili wa marehemu mbele ya jeneza lake, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Kwetu alikuja Mzee Dadi, Myao wa upande wa Kilambo, mtu wa tumbo kubwa na njaa isiyokwisha. Mazishi yenyewe alikuwa ameyakosa, kwa hiyo alikuja kufidia. Akaingia nyumbani bila hodi, akatoka amevaa koti la marehemu, vifungo vimekataa kufika upande wa pili, kofia ya marehemu iko utosini, bakora ya marehemu iko mkononi. Akaanza kutembea mwendo wa Mzee Ausi, mguu mmoja anauburuta, na kikohozi kabla ya kila neno.

“Kho! Esha! Kho! Chakula kiko wapi, mwanamke? Huko nilikokwenda hawapiki!”

Uani watu walianguka kwa kicheko. Mimi nilikuwa nimetoka kumpelekea shangazi sahani yake nyingine, nikajishika kwenye ukuta nisianguke. Mzee Dadi akajiweka kwenye mkeka wa marehemu, nje tu ya mlango wa shangazi, akavuta sinia waliloandaliwa wanaume wote, akakata tonge moja la haja.

Mara baba yako huyo, anatoka msikitini. Anakuta mtu anatafuna, kavaa kofia ya marehemu, mbele ya mlango wa mwanamke aliye edani. Uso ukamwiva. Akatafuta fimbo hakuiona, akachukua ufagio wangu wa chelewa.

“Inuka! Mzee mzima huna haya? Watu wana msiba hapa!”

Mzee Dadi wala hakuacha kutafuna. “Kho! Esha, hivi mtoto huyu tulimlea wenyewe?”

Baba yako akamkamata koti akamvuta. Mzee Dadi akalikamata sinia. Basi ikawa koti linamvuta mzee, mzee anavuta sinia, msafara mzima unaelekea mlango wa nje, na mkono wa kulia wa Mzee Dadi bado unakata matonge njiani. Nimeona mengi katika maisha yangu, sijaona tena kitu kama kile.

Hapo ndipo tulipoisikia sauti ya shangazi, ambayo tangu maziko haikuwahi kupanda.

“Selemani! Mwache mume wangu ale!”

Hata Mzee Dadi aliacha kutafuna. Shangazi mwenyewe alishtushwa na alilolisema, akajiziba mdomo kwa kanga. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, tukadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka, halafu akalia kweli, kwa sauti, kilio alichokuwa amekizuia siku zote zile. Na hakuna aliyemkataza, maana mkatazaji alikuwa ameganda katikati ya uani na ufagio wake.

Alipotulia akamwita baba yako asogee karibu na mlango. Wala hakumfokea.

“Mwanangu, kila siku unaniambia Mungu anataka nini. Nashukuru, nimesikia. Hujaniuliza mimi nina nini.”

Baba yako, mwenye jibu la kila kitu, aliutazama ule ufagio mkononi mwake. Akaweka ufagio chini, akachuchumaa pale kizingitini.

“Shangazi,” akasema, “una nini?”

“Tangu nilipoolewa sijatia mkono kwenye chakula kabla Ausi hajaanza. Njaa iume vipi, namngoja. Atoke shambani giza limeingia, namngoja. Sasa mnaniletea sahani, naitazama, na mkono haunyanyuki. Najua hatakuja, Selemani, sijapotewa na akili. Mkono ndio haujui.” Kisha akatazama nje. “Dadi, rudi mkekani. Hebu anza.”

Mzee Dadi hakuwa na hekima yoyote pale, nisikudanganye. Alikuja kula. Akarudi mkekani na sinia lake, akakohoa, kho, akakata tonge. Na shangazi, kule ndani, akanyoosha mkono wake kwenye sahani, akakata la kwake. Akala. Nikamwona baba yako anageukia ukutani kufuta uso kwa mkono wa kanzu.

Mzee Dadi akawa anakuja kila mchana na koti lile lile, mpaka mkono wa shangazi ulipozoea kuanza peke yake. Kufikia hapo koti lilikuwa limepasuka mgongoni. Na baba yako hakupunguza swala hata moja. Kilichobadilika ni kwamba alianza kuuliza. Siku ya kwanza alimfuata fundi baiskeli, akamuuliza nyumbani wanaendeleaje. Fundi akaogopa, akadhani ni mtego, akamwapia kwamba mluzi ameuacha.

Sasa nikueleze kwa nini nimekuita. Jana dada yako kanisikilizisha ule ujumbe wa sauti uliomtumia kwenye simu. Mwenzio katoka kwa mumewe na begi moja, kaja kujilaza hapa kwangu Ufukoni, na wewe kaka yake umemsomea aya za wajibu wa mke, ujumbe mrefu kushinda hotuba ya Ijumaa. Nimeusikiliza wote. Aya ulizosoma ni za kweli, na umesoma vizuri, mashallah. Lakini mle ndani sikusikia swali hata moja.

Mwanangu, imani yako ni yako na Mola wako, izidishe. Lakini ukimwendea mwenye maumivu, tangulia kumuuliza ana nini, na ukishauliza nyamaza, umsikilize mpaka amalize. Hayo ya kumfundisha yatasubiri, hayaozi. Na akikutajia jambo unaloliona dogo au la kuchekesha, usilidharau, maana hujui ni wapi pamemkwama. Mungu anayasikia maneno unayomwambia alfajiri. Yachukue maneno hayo hayo laini uwapelekee na waja wake.

Haya, inuka umwendee chumbani. Simu iache hapa kwangu. Mungu akutangulie, akupe ulimi mpole na masikio yenye subira, na dada yako akufungulie mlango.