Kona Aliyoitoa Kanyange

Kanyange ana miaka hamsini na minane na kipande cha shamba huko Masaka, pembezoni mwa Kigali, ambacho ukitembea hatua arobaini umekimaliza. Alipokipata, baada ya kurudi Rwanda kutoka Bujumbura alikokulia, kilikuwa udongo mwekundu mgumu kama tofali. Kwa miaka ishirini alibeba samadi kichwani kutoka kwa majirani wenye ng'ombe. Marehemu mumewe, Frederick, alikuwa akimtania kwamba mtoto wao wa mwisho ni udongo, na ndiye anayependwa zaidi. Sasa jembe linazama lenyewe, na dodo yake, yaani mchicha, inagombewa na wachuuzi wa Sonatubes, mjini Kigali.

Mwaka juzi ushirika wao wa wakulima ulipata ahadi nzuri. Karakana moja ya jirani ilikuwa ikitengeneza shuka za hospitali na kuzitia chembe za madini ya fedha, ndogo mno hata hadubini ya kawaida haizioni, ili vijidudu visiote kwenye kitambaa. Maji yake machafu, ya kuoshea vitambaa na ya vyoo vya wafanyakazi, yalisafishwa palepale, na tope lililobaki likikaushwa lilifaa kuwa mbolea. Wakulima wangelipata bure.

Jean-Bosco, mwenyekiti wa ushirika, alitaka limwagwe msimu uleule. Wengine wakauliza: fedha inayoua vijidudu vya shuka, itaviacha vya udongoni? Ndipo chuo kikuu kilipomtuma mtafiti, binti aitwaye Gahongayire, awasaidie kuamua. Alikuwa amekulia Karagwe, upande wa Tanzania, na Kinyarwanda chake kilichechemea. Kwa hiyo yeye na Kanyange waliongea Kiswahili tangu siku ya kwanza, kila mmoja akicheka cha mwenzake.

"Hiyo fedha, iko nyingi ndani ya tope?" Kanyange aliuliza.

"Kiasi chake tumekipima, mama. Tusichokijua ni itafanya nini ikishaingia ardhini. Pengine itatulia tu. Pengine itaua. Wataalamu wenyewe hawajakubaliana."

"Sasa utaamua namna gani kitu haukijui?"

"Siamui peke yangu. Tunaamua wote, na tusichokijua nacho tunakiweka mezani."

Kwenye banda la ushirika akawachorea njia nne: kulimwaga tope lote, kulikataa lote, kulipeleka kwenye vitalu vya miti, au kulijaribu kwanza mahali padogo. Kisha akampa kila mtu punje ishirini za maharage azigawe kwa uzito wa mambo yanayomgusa: mavuno, afya ya walaji, maji ya bondeni, uhai wa udongo. Jean-Bosco aliweka kumi na tano kwenye mavuno. Kanyange aliweka kumi na mbili kwenye udongo. Watu wakacheka, naye hakuziondoa.

Gahongayire akaingiza yote kwenye kompyuta, akawa anageuza hesabu: tuseme fedha haina madhara, tuseme inayo kidogo, tuseme inayo mengi. Kulimwaga lote kulishinda pale tu walipojifanya wana uhakika kwamba haina madhara. Kwingine kote kujaribu kwanza ndiko kulikoongoza, hata kwa maharage ya Jean-Bosco mwenyewe.

Ikabaki kupata pa kujaribia. Hakuna aliyejitolea shamba lake. Kanyange alipoombwa alisema hapana, akaenda zake. Siku ya tatu akapiga simu.

"Mwanangu, chukua kona ya juu, mbali na mfereji. Lakini uje mwenyewe. Usinitumie watu."

Alikuja mwenyewe, kila Jumamosi, misimu miwili. Walitengeneza matuta manne: moja bila tope, moja na kidogo, la tatu na kiasi, la nne na jingi. Dodo ya tuta la nne ilistawi kuliko zote, na Jean-Bosco alipoipita alitabasamu. Hakuna aliyeruhusiwa kuila. Mwishoni wakachimba, wakahesabu nyungunyungu. Tuta la kwanza, sitini na mmoja. La nne, tisa.

Kanyange alirudia kuchambua udongo kwa vidole vyake, akapata walewale tisa. Akakaa chini.

"Nimekuharibia, mama. Unisamehe," Gahongayire alisema, machozi yakimlengalenga.

"Haujaniharibia. Nilikupa." Akamvuta, wakakaa bega kwa bega.

Ushirika ukapima upya kwa kile walichokiona. Safari hii Jean-Bosco alihamisha maharage saba kutoka kwenye mavuno kwenda kwenye udongo, bila kuombwa. Wakaamua tope lisiguse mboga mpaka karakana iweze kuikamata fedha kabla maji hayajatoka. Kuhusu tuta la pili, ambalo halikuonyesha tofauti, Gahongayire aliandika wazi kwamba misimu miwili haitoshi kusema lolote.

Udongo wa tuta la nne ulitiwa magunia ukarudishwa karakana. Jean-Bosco akaleta toroli tatu za samadi ya ng'ombe wake, akazimwaga kwenye shimo mwenyewe.

Utafiti uliisha, Jumamosi hazikuisha. Mwezi uliopita Gahongayire alishuka kwenye moto, pikipiki ya abiria, na moto ya pili ikamshusha kijana mrefu mwenye aibu, jina lake Eddie.

"Nimekuletea mtu, mama. Kabla sijamfikisha Karagwe kwa wazazi, nilitaka wewe umwone."

Kanyange alimtazama yule kijana kutoka viatu hadi nywele. Kisha akaingia jikoni kuongeza sahani.